Mlango wa Pili wa Choo

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na desturi ya kununua majarida makuukuu yaliyotandazwa juu ya gunia sokoni Kawangware. Siku moja nilipata moja lenye makala kuhusu mambo yanayochosha akili ya mtu katika maisha ya kila siku. Mwandishi alitaja kufiwa, kuachwa na mke, kupoteza kazi, kuhama nyumba na kelele za magari. Kisha akamshauri msomaji avute pumzi ndefu, atembee bustanini na alale mapema. Niliisoma makala ile kwa makini, maana sikusoma shule kwa muda mrefu na chochote kilichochapishwa nilikipa heshima yake. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Lakini nilipoimaliza nilijua jambo moja kuhusu mwandishi: alikuwa na choo chake mwenyewe, chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Mtu asiye na choo hicho angeanza kuandika kutoka mahali pengine.

Nilikuwa fundi wa nguo. Kibanda changu kilikuwa Riruta Satellite, pembeni ya duka la vifaa vya nyumbani, na nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja Kawangware, mwendo mfupi kwa miguu. Ploti yetu ilikuwa kama ploti nyingine za mtaa ule. Vyumba vya mabati vilitazamana safu mbili, katikati pakapita ujia wa saruji wenye mfereji. Mbele, upande wa barabara, palikuwa na nyumba ya mawe ya mwenye ploti, ambaye aliirithi ardhi ile kutoka kwa baba yake. Nyuma kabisa kilikuwa choo.

Kilikuwa kijumba kimoja chenye milango miwili na ukuta wa mabati katikati. Mlango wa kwanza ulikuwa wa wapangaji wote. Wa pili ulifungwa kwa kufuli kubwa la shaba, na ufunguo wake ulikaa nyumba ya mawe. Huo ulikuwa wa familia ya mwenye ploti.

Sitapamba habari za mlango wa kwanza. Asubuhi watu walipanga foleni wakiwa wameshika vipande vya gazeti, na wanaume walikohoa ili aliye ndani aharakishe. Sakafu ilikuwa imelowa kabla jua halijachomoza, na hakuna aliyetaka kujua imeloweshwa na nini. Tulikanyaga pale kwa ndara, kisha tukarudi na ndara zile zile vyumbani, mahali watoto walipotambaa. Msimu wa mvua shimo lilijaa, na funza weupe walipanda ukutani polepole kama watu wasio na haraka ya kwenda popote. Nzi walitoka kule wakaja kutua juu ya ugali. Ukiwafukuza, walikwenda kutua kwenye ugali wa jirani, na jirani akawafukuza wakarudi kwako.

Kulikuwa na zamu ya kuosha. Kila chumba kilikuwa na wiki yake, na kila wiki kulikuwa na ugomvi. Mpangaji mmoja, kinyozi, ilipofika zamu yake aliosha mahali pawili tu, pale anapokanyaga yeye mguu wa kulia na wa kushoto. Alipoulizwa, alisema, "Hapo pengine si mimi nilichafua." Tuliishi na mtu huyo miaka mingi. Tulisalimiana naye kila siku.

Jambo ambalo makala ile haikulitaja ni jinsi mwili unavyojipanga kuzunguka choo kibaya. Sikunywa chai ya pili. Nilipokuwa nikimpima mteja kiuno, mawazo yangu yalikuwa kwenye foleni. Mke wangu alipandisha sauti kwa watoto bila sababu, na sababu ilikuwa kwamba alikuwa amengoja tangu alfajiri. Tulidhani tuna hasira za asili, kumbe tulikuwa tumebanwa.

Basi ikaja habari kwamba mama mkwe wangu anakuja Nairobi. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili, na kule nyumbani karibu na ziwa walimwambia kuwa iko hospitali mjini ambako wanaweza kuuondoa ule utando. Kwa wakati huo aliona mwanga na vivuli tu. Alikuwa akimwaga uji nje ya kikombe. Mke wangu ndiye binti yake pekee aliyekuwa Nairobi, na chumba chake pekee kilikuwa changu.

Msomaji asiyetoka kwetu lazima aelezwe. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Hawalali chini ya paa moja. Na kuna jambo ambalo hata halitajwi kwa jina, kwa kuwa kulitaja tu ni aibu: hawaendi choo kimoja. Kijijini hili halimsumbui mtu. Kuna boma jingine, kuna choo cha shemeji, kuna shamba la mahindi. Nairobi wengi wetu walitundika pazia katikati ya chumba na kujifanya kwamba pazia ni mlima. Mimi sikupenda kujifanya. Nilimwambia mke wangu nitahamia kwa binamu yangu Kibera mpaka mama apone.

"Na choo?" mke wangu akauliza.

"Sitakuwa hapa. Atakitumia mwenyewe."

Nilidhani nimemaliza hesabu yote.

Binamu yangu alikaa Kibera chini ya Olympic, pale ambapo nyumba za mawe zinakwisha na za udongo zinaanza. Nilimkuta mlangoni akipika samaki kwenye jiko la makaa. Nilimuuliza choo kiko wapi, kwa sababu kila ninapofika mahali hilo ndilo swali langu la kwanza. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Omera, ndugu yangu, hapa hakuna choo. Kuna foleni. Ukifika mwisho wa foleni, ndiyo utajua kama kuna choo."

Hakutia chumvi. Kilikuwepo kimoja, mbali, na mlango wake ulikuwa gunia. Wengi hawakwenda. Walifanya haja zao ndani ya mfuko wa plastiki, wakaufunga fundo, wakaurusha. Jioni ya kwanza tulikuwa tukila wale samaki wakati kitu kilipoanguka juu ya paa kwa kishindo laini, kikateleza juu ya mabati, kikakwama. Nje vijana walikuwa wameketi juu ya jiwe wakipiga soga, na mmoja akampazia sauti binamu yangu:

"Buda! Umetumiwa barua!"

"Fungua usome!" mwingine akasema. "Labda ni ya mapenzi!"

"Ni ya shule. Mtoi amefukuzwa!"

Wakacheka. Binamu yangu naye akacheka, akaendelea kuchambua mifupa. Mimi nilinawa mikono. Sikuweza kumaliza, na sikuwalaumu wale vijana, maana utani ndio kitu pekee walichokuwa nacho cha kufunikia harufu. Lakini mvua iliponyesha ile barua iliteremka kutoka kwenye paa, ikapita mlangoni kwetu, ikajiunga na nyingine kwenye mtaro, na chini kidogo ya mtaro ule mwanamke alikuwa akiosha sukuma wiki za kuuza. Nilitazama maji, nikatazama mboga, nikaacha kula mboga kwa muda wote niliokaa Kibera.

Kila asubuhi nilitembea kupitia Dagoretti Corner mpaka kibandani kwangu Satellite. Mke wangu alikuja pale kila mchana kunipa habari. Siku za kwanza habari zilikuwa nzuri: mama amefika salama, hospitali wamempa tarehe ya upasuaji. Halafu mchana mmoja akaja, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Mama hanywi maji," akasema.

"Kwa nini?"

"Chakula pia hali vizuri. Anaonja kidogo, anasema ameshiba. Midomo imepasuka. Leo tulikwenda kupimwa kabla ya upasuaji, sista akasema presha imepanda na mwili umekauka. Akasema akirudi hivyo hawatamgusa, na tarehe nyingine haijulikani ni lini."

"Amekuambia sababu?"

Mke wangu alitazama chini. Ilikuwa aibu kwake kunieleza, na aibu kwangu kusikia.

"Siku ile ya kwanza aliniuliza kama wewe unatumia kile choo. Nikasema hupo, umehamia Kibera. Akasema, 'Nyathina, mwanangu, mtu akihama leo, jana yake haihami.' Tangu hapo anajizuia. Anakwenda mara moja tu, alfajiri, nyuma ya ua wa watu, akishika ukuta. Juzi alianguka kwenye mtaro."

Niliisimamisha cherehani. Mwanamke mzima, aliyezaa na kulea, mwenye heshima kanisani kwao, alikuwa akipapasa ukuta wa majirani gizani kama mwizi ili asikanyage mahali nilipokanyaga mimi. Na macho yake, ambayo ndiyo yalimleta, yalikuwa karibu kumponyoka kwa sababu ya kikombe cha maji. Sikumuona mjinga. Ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Nilichukia lile shimo kuliko nilivyowahi kukichukia kitu chochote.

Ndipo nikafikiria mlango wa pili. Mimi sikuwahi kuingia pale hata mara moja.

Jioni hiyo nilikwenda moja kwa moja nyumba ya mawe. Mwenye ploti alikuwa ameketi kwenye veranda na redio yake, na mama yake mzazi, ambaye ploti nzima tulimwita shosho, yaani bibi, alikuwa pembeni akipukuchua mahindi. Nilieleza shida yangu kwa ufupi. Sikuomba ufunguo uwe wangu. Niliomba mama mgonjwa afunguliwe mlango mpaka siku ya upasuaji.

"Wewe fundi," akasema, "kwani choo chenu kina nini?"

"Unakijua."

"Si ni ninyi mnakichafua? Mimi nimejenga. Kuosha ni yenu."

"Si uchafu, mzee. Ni desturi. Yeye ni mkwe wangu, hawezi kutumia mahali ninapotumia mimi."

"Ati desturi!" Akapunguza redio ili acheke vizuri. "Hii ni Nairobi, bwana. Nikifungulia mama yako leo, kesho yule kinyozi naye ataniletea desturi yake. Keshokutwa ploti yote iko kwangu imeshika gazeti. Hapana. Mwambie afunge macho, aingie."

"Macho yake ndiyo mabovu."

"Basi si hata hataona!"

Akacheka peke yake. Shosho hakucheka. Aliendelea kupukuchua, ila mikono yake ilikwenda polepole zaidi. Niliaga nikaondoka. Njiani kurudi Kibera niliona kinyaa ambacho hakikuwa cha tumboni. Yule bwana alikuwa mtu wa kanisa, amevaa shati nililomshonea mimi, na kitu alichokuwa akikilinda kwa kufuli la shaba kilikuwa tundu la kinyesi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mke wangu. Asubuhi, mwanawe alipokwenda mjini, shosho alikuja kwa fimbo yake mpaka mlangoni kwetu. Hakuwa amewahi kufika huko ndani. Alikuwa na ufunguo umefungwa kwenye ncha ya leso. Akamwambia mke wangu, "Mwite mama."

Mama mkwe wangu akatoka akipapasa. Wale wazee wawili hawakuwa na lugha moja nzuri. Mmoja alisema Kiswahili cha soko la Kawangware, mwingine Kiswahili cha soko la samaki.

"Mimi pia niko na mkwe," shosho akasema. "Mume wa msichana yangu. Akipita hapo barabarani mimi naingia kwa nyumba. Hata leo."

"Hata leo?" mama akauliza.

"Hata leo. Atashika kofia, mimi nashika kona." Akamshika mkono. "Twende. Hii ni yangu. Huyo kijana wako hajakanyaga hapa."

"Na mtoto wako atasema nini?"

"Huyo? Mimi ndiye nilimpangusa. Aje aniambie mambo ya choo."

Wakaenda wawili, mwenye fimbo akimwongoza asiyeona, na wapangaji waliokuwa kwenye foleni wakasogea bila kuambiwa. Kinyozi peke yake ndiye aliyesema, "Na sisi, shosho?" Akajibiwa, "Wewe osha miguu yako miwili."

Siku ile mama alikunywa maji, kikombe juu ya kikombe. Shosho alikuja kila asubuhi na kila jioni, na ufunguo ukarudi kwenye msumari wake kabla mwanawe hajaingia. Mke wangu alipokuja kibandani, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliniuliza habari zangu mimi.

Halafu, siku moja kabla ya upasuaji, mwenye ploti alileta watu wa kuzoa choo, maana shimo lilikuwa limefika juu kabisa. Nilikuwa nimepita pale kuleta nguo alizohitaji mke wangu, nikasimama kwenye lango la nyuma, karibu na choo, mbali na mlango wa chumba, ili nisimkute mama. Wale watu walikuwa na mapipa, ndoo na pombe waliyokunywa ili waweze kazi ile. Walivunja kifuniko cha saruji nyuma ya kijumba. Nikaona ndani. Lilikuwa shimo moja. Ule ukuta wa mabati, kufuli la shaba na msemo wa "choo cha familia" viliishia kwenye sakafu. Chini yake, familia ya mwenye ploti na sisi sote tulikuwa kitu kimoja, na hicho kitu kilikuwa kikichemka.

Mke wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa ujia na ndoo mkononi. Aliona nilichoona. Tulitazamana. Nyuma yake, mlangoni, mama alikuwa ameketi kwenye kigoda amegeuzia uso ukutani, akinywa uji.

Mmoja wa wale watu akapaza sauti, "Mzee! Milango miwili, shimo moja! Sasa hii kufuli ni ya nini?"

Mwenye ploti akamwambia afanye kazi aliyoitiwa. Walifanya. Mapipa waliyamwaga kwenye mtaro wa barabara, mita chache kutoka kwa wauza nyanya, na wauza nyanya walifunika nyanya kwa gunia, wakangoja uchafu upite, wakafunua.

Mama aliendelea kunywa uji wake. Alikimaliza kikombe, akaomba kingine.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Baada ya siku kadhaa bandeji ikaondolewa, na mama akaanza kuona tena, kwanza mikono yake, kisha binti yake, kisha mahali binti yake anapoishi. Mke wangu anasema hilo la tatu ndilo lililochukua muda mrefu. Alizunguka ploti yote bila fimbo. Alitazama mfereji, nzi, ndara zilizopangwa mlangoni. Alikwenda mpaka nyuma ya choo akakitazama kifuniko kipya cha saruji. Kilikuwa kimoja.

"Mama," mke wangu akasema, "hatukujua."

"Mimi nilijua. Kwani mimi nilikosa pua? Yule mama alinifungulia mlango wake. Nilikuwa nahitaji mlango."

Siku ya kusafiri walipita Satellite kwenda kupanda gari. Mama alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanda changu, amenipa ubavu kama inavyotakiwa, na mimi nikageuka nikatazama ukuta. Macho yake mapya hayakunitazama, na sikutegemea yanitazame. Lakini kati yetu ulikuwapo mtaro, na huo aliutazama. Nilimsikia akitema mate. Kisha akamwambia binti yake kwa sauti kubwa, ili nisikie:

"Mwambie mume wako asante kwa kunipisha. Na umwambie, nilipokuwa sioni nililala vizuri kwenu. Sasa nimeona. Sitarudi mpaka mpate mahali pengine."

Nilijibu nikiutazama ukuta, "Mwambie mama nimesikia."

Hakuwa amenitukana. Alikuwa amesema kile ambacho mimi nilikisema kila asubuhi nikiwa kwenye foleni, kisha nikakisahau mchana ili niweze kula. Mwenye ploti alikuwa tayari amebadilisha kufuli, na ufunguo mpya aliutia mfukoni, mbali na mama yake.

Wiki iliyofuata nilifunga kibanda mapema, nikaenda kutafuta nyumba. Nilianzia palepale Satellite. Wakala, kijana mwenye viatu vilivyong'aa, alinifungulia chumba kizuri, akanionyesha taa, akanionyesha dirisha, akasema simenti ni mpya. Nilimshukuru. Nikatoka, nikapita ujia wote, nikazunguka nyuma, nikainama kutafuta kifuniko cha shimo. Alinifuata akiinua suruali isichafuke.

"Fundi," akasema, "kwani unakodi nyumba ama choo?"

"Tuanze na choo," nikamwambia. "Nyumba nimeshaiona."